Wawili, baiskeli moja: Tanga mjini hadi Pangani kwa kupokezana (mkasa wa mwembe wa Tongoni)

Wa_Mwahako (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Tangu ile Jumapili ya Agosti 2024 mpaka leo watu hunisimamisha njiani: "Wee bwana, baiskeli nzima, haina hata pancha, unashuka, unaiegemeza kwenye mnazi, halafu unatoka mbio kama umeona nyoka. Kulikoni?" Mwaka huu tunarudia, kwa hiyo nimekaa barazani na kahawa yangu niwape mkasa wote, mtakaotaka kuingia muingie mkijua.

Mchezo uko hivi. Timu ni watu wawili na baiskeli moja. Mnaanza pamoja Mwahako, mnamaliza pamoja Pangani pale kivukoni, kilomita zinakaribia 50. Mmoja anatangulia na baiskeli, mwenzake anakimbia. Aliyetangulia akifika mahali anaiacha kando ya njia na kuendelea kwa miguu. Wa nyuma akiifikia anaipanda, anampita mwenzake, anakwenda kuiacha mbele. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na saa haisimami mpaka wa pili afike. Kupakizana marufuku. Sheria hiyo ilileta kelele kuliko zote, maana keria ya Phoenix ipo pale nyuma inakutazama.

Tulikuwa timu nane, watu wa mtaani tu. Hakuna kombe wala medali. Timu ya kwanza inakula samaki Pangani bila kutoa shilingi, saba zilizobaki zinachanga.

Mwenzangu alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Kijana anakimbia, sisemi uongo. Mimi nina miaka 43 na kitambi cha chapati za asubuhi, lakini kwenye baiskeli sijambo. Tulitoka saa 12 na robo asubuhi. Sasa Agosti ni kusi, na Pangani iko kusini, kwa hiyo upepo ulikuwa usoni tangu hatua ya kwanza. Ukikimbia unauona kama neema, unakupoza. Panda baiskeli ndipo umjue kusi ni nani! Barabara nayo ilikuwa kwenye ujenzi, kipande lami, kipande vumbi, kipande kokoto zilizomwagwa jana yake.

Kosa letu la kwanza lilifanyika usiku wa kuamkia siku hiyo, kwenye mkeka: tulipatana kupokezana kila kilomita tano. Kwa mdomo kilomita tano ni kidogo. Kwa miguu yangu ni dakika 37 au 38, niko peke yangu, baiskeli siioni, shemeji simwoni. Akili inaanza kutunga hadithi. Nimeshaipita? Ile inayong'aa kichakani ni usukani au ni bati? Nilichungulia vichaka vingi asubuhi ile kuliko mtafuta kuni.

Kosa la pili ndilo lililonipa jina mtaani. Tulipopita kidogo njia ya kuingilia magofu ya Tongoni, ilikuwa zamu yangu ya kuiacha baiskeli. Nikaona mwembe mzuri, kivuli kizito, nikaiegemeza kwa nyuma jua lisipige tairi. Nikaanza kukimbia. Hesabu yangu ilikuwa kwamba ndani ya dakika 25 hivi shemeji atanipita akipiga kengele.

Dakika 25 zikapita. Zikawa 30. Zikawa 40, Kigombe bado sijafika. Nikajisemea, kijana kachoka leo, ndiyo mjue ujana si hoja. Nilifurahi hata, Mungu anisamehe. Zilipokaribia 50 nasikia nyuma yangu viatu. Si kengele, viatu! Nikageuka: shemeji huyo, fulana imeloa, macho mekundu.

"Shem, baiskeli iko wapi?"

"Si nimekuachia!"

Adhana hiyo ya Magharibi, narudi baadaye.

Kijiwe_cha_Makorora

Hahaha, yaani watu wawili wanakimbia, baiskeli haina mtu! Mgosi, umetuacha hewani. Nimeweka kambi hapa, siondoki.

Tairi_Nyembamba

Kwani mkipakizana nani atawaona? Barabara ya Pangani saa moja asubuhi kuna nani wa kuwashtaki?

BintiSahare

@Tairi_Nyembamba kila kijiji kina macho. Timu moja ilipakizana pale Marungu, walipofika Pangani habari ilishafika kwa simu kabla yao. Walichangia samaki mara mbili.

Halafu na mimi nilikuwemo, nitasema yangu mwenye uzi akimaliza.

Wa_Mwahako (mwenye uzi)

Nimerudi. Tukasimama katikati ya barabara tunatazamana, tumeshaupita mwembe kama kilomita saba. Shemeji anaapa kapita mwembe huo na hakuna kitu. Mimi naapa nimeiacha. Nikaanza kuona kesi nyumbani kwangu, maana baiskeli yenyewe ni ya baba mkwe, na mkwe anaiita kwa jina.

Ikapita bodaboda. Shemeji akapanda, wakarudi nyuma. Mimi nikakaa chini ya mnazi nikanywa dafu ambalo halikuwa na ladha yoyote.

Kilichotokea ni hiki. Nyuma ya ule mwembe, hatua ishirini hivi, kuna nyumba. Mzee mmoja alitoka kuchukua jembe akaona baiskeli nzuri imeegemezwa, mwenyewe hayupo, kulia hayupo, kushoto hayupo. Akasema hii imeibwa mjini na mwizi kaikimbia. Akaiingiza barazani kwake na kumweka mjukuu ailinde. Shemeji alipopita mbio, mtoto alimwona vizuri sana, ila aliambiwa asimpe mtu yeyote asiyejieleza, na mtu anayekimbia hajielezi.

Mzee alimtoa shemeji jasho la pili. Baiskeli ina rangi gani? Kengele iko upande gani? Keria imefungwa kamba gani? Ya nani? Aliposikia ni ya baba yake akasema, "Na baba yako kaiacha chini ya mwembe?" Kisha akamkalisha, akampa muhogo wa kuchemsha, kwa sababu mgeni haondoki na njaa. Mimi kule nahesabu dakika, mwenzangu anakula muhogo na chumvi.

Tulifika kivukoni saa 7 kasoro dakika 10. Saa sita na dakika 35 za njiani. Wa saba kati ya timu nane, na ile ya nane ni wale wa kupakizana, walirudishwa nyuma kwa adhabu.

Tairi_Nyembamba

Hapo hapo. Mwenzako alipanda bodaboda. Mmefutwa kabisa, hamna hata hiyo namba saba.

Wa_Mwahako (mwenye uzi)

Bodaboda ilimpeleka NYUMA. Nionyeshe mtu aliyewahi kushinda mbio kwa kubebwa kurudi alikotoka.

Kijiwe_cha_Makorora

Hoja imesimama. Mwamuzi endelea.

Mkimbizi_wa_Raskazone

Septemba 2025 kule Tokyo Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wameandikiwa saa 2:09:48, wametenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Nyie mmepoteza zaidi ya saa nzima kwa mwembe.

Chaki_Nyeupe

Mimi ni mwalimu, niruhusuni nichafue uzi kwa namba kidogo, kwa sababu naona tatizo lenu lilianza kabla ya mwembe.

Mwenye uzi, kwa maelezo yako wewe unakimbia kilomita 8 kwa saa, shemeji nampa 10. Kwenye baiskeli nawapa wote 18, nimeshaukata upepo. Tuseme njia ni 50 kamili. Mkigawana sawasawa, 25 kwa miguu na 25 kwa tairi kila mtu, wewe utatumia saa 4 na dakika 31. Shemeji atamaliza mapema, atakaa kivukoni anakusubiri, na saa inakusubiri wewe. Kasi yake imepotea bure.

Sasa mpe yeye akimbie kilomita 30 na nusu, wewe ukimbie 19 na nusu. Nyote mnafika saa 4 na dakika 8. Mmeokoa dakika 23 bila mtu kuongeza kasi hata kidogo. Na kumbukeni, wewe peke yako kwa miguu 50 ni saa 6 na robo hata usipochoka, na ungechoka. Hiyo ndiyo faida ya baiskeli moja kwa watu wawili: haikai bure.

Mchezo wenyewe si mgeni duniani. Marekani wanafanya na farasi mmoja kwa watu wawili tangu 1971, anayeshuka anamfunga farasi mtini na kukimbia. Ufaransa wana wa baiskeli kama huu wenu.

BintiSahare

Mwalimu, hesabu nzuri, lakini mtu wa kukimbia 30 na nusu hawi yule yule kwenye ya 28. Kasi 10 inashuka, na kokoto hazijui hesabu. Sisi (mimi na dada yangu, tulikuwa wa tatu, nasema taratibu msije mkasema najisifu) hatukugawana kilomita kabisa. Tulipokezana kwa saa ya mkononi. Dakika sita juu ya baiskeli, unashuka hapo hapo ulipo, unaacha, unakimbia. Ni kama kilomita moja na nusu au zaidi kidogo kulingana na upepo. Mwenzako ukigeuka unamwona anakuja. Hupati muda wa kutunga hadithi za vichaka.

Tulijaribu dakika tatu mazoezini, haikufaa. Kupanda na kushuka kunakula muda, unapanda pumzi haijatulia unashuka tena. Tukajaribu kumi, dada akawa ananuna maana anaachwa sana. Sita ndizo zilizotupatanisha, na msiniulize kwa nini.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia: ukishuka kwenye baiskeli miguu inakuwa ya ubao. Mapaja yamezoea kuzunguka, sasa unayaambia yabebe mwili. Dakika mbili za mwanzo kimbia hatua fupi fupi kama mtu aliyevaa khanga ya kubana, usilazimishe. Baadaye yanafunguka yenyewe.

Na kuhusu mavazi, kwa akina dada wanaouliza kimoyomoyo: dera nilijaribu kulikunja na kulibana, likaliwa na mnyororo pale Mwarongo siku ya mazoezi, nikarudi na nusu dera. Siku yenyewe suruali laini, gauni fupi juu, hijabu ya kuvuta. Mama juu ya baiskeli Tanga hii nani atageuka kumtazama? Tumezaliwa tunawaona wanakwenda sokoni. Ila mama anayekimbia, kijiji kizima kinatoka nje: "Mwanangu, kuna msiba?" Bibi mmoja alitufuata hatua kadhaa na kibao cha mbuzi mkononi, kwa huruma kabisa, anataka kujua nani kafa.

Fundi_Spoku_Ngamiani

Mmesema miguu, hakuna aliyesema siti. Wawili hamlingani urefu, siti ni moja. Mfupi akipanda siti ya mrefu kiuno kinacheza ngoma, kufika Kigombe makalio yamechubuka. Mrefu akipanda siti ya mfupi, magoti yanalia. Tafuteni ile boliti ya siti yenye kishikio, ya kufungua kwa mkono. Chukueni rangi ya kucha, chora alama mbili kwenye bomba la siti, nyekundu yako, nyeupe ya mwenzako. Anayeshuka ndiye anayeipandisha au kuishusha kwa ajili ya anayekuja, kwa sababu yeye anajua anaiacha, mwenzake anakuja hoi. Kwenye Phoenix ya kawaida utahitaji spana, ifunge kwenye fremu kwa mpira wa tyubu, usiiweke mfukoni maana spana mfukoni inakwenda na mtu asiye na baiskeli.

Mnyororo usipake grisi. Grisi na vumbi la barabara ile ni msasa. Mafuta ya cherehani matone machache, futa kwa kitambaa, basi. Pancha msizibe njiani kwa solusheni. Inataka ikauke, na mkono wa mtu aliyekimbia unatetemeka. Beba tyubu zima, badilisha, ile mbovu leta kwangu Jumatatu.

Wa_Mwahako (mwenye uzi)

Fundi, hiyo ya anayeshuka ndiye anayerekebisha ndiyo tuliyokosa. Sisi kila mmoja alikuwa anapanda ilivyo kwa kuona aibu kusimama. Nilimaliza natembea kama nimetoka jandoni.

Nesi_wa_Zamu

Mmecheka vya kutosha, nisikilizeni kidogo. Mwaka ule mtu mmoja wa timu nyingine alikaa chini kabla ya Pangani anatapika, kichwa kinauma, pete haitoki kidoleni, maneno hayashikani. Kila aliyepita akampa maji. Alipoulizwa, kumbe tangu asubuhi alikuwa amekunywa maji matupu chupa juu ya chupa kwa kuogopa kiu. Maji mengi bila chumvi yanaizimua chumvi ya damu, na hilo linaua sawa na jua. Kunywa kiu inapokuambia. Beba pakiti mbili za ORS, kila moja lita moja ya maji safi, gawaneni. Dafu ni zuri, lina potasiamu, lakini chumvi yake ni ndogo, halitoshi peke yake kwa mtu anayetoka jasho kwa muda wa saa tano. Tende na ndizi mbivu zinafaa. Muhogo wa yule mzee na chumvi yake, kitabibu, ulikuwa matibabu mazuri kuliko dafu la mwenye uzi.

Na mtu akianza kupepesuka, kuropoka, ngozi inawaka: kivulini, mvueni fulana, mmwagieni maji, mpepeeni, tafuteni gari. Hapo mbio zimekwisha, wala msimbembeleze amalizie.

Tairi_Nyembamba

Kwa nini msihamie barabara ya Muheza? Lami tupu, na machungwa mwisho wa safari.

Fundi_Spoku_Ngamiani

Lami na malori. Baiskeli iliyoegemezwa kando ya barabara ya Muheza nitaizibia pancha gani ikishalaliwa na semi?

Kijiwe_cha_Makorora

Kuna kitu kimenichekesha kuhusu Tongoni. Mtangata ya zamani si ndiyo hapo? Vasco da Gama akirudi kutoka India mwaka 1499 mabaharia wake wamekufa kwa ugonjwa, waliobaki hawatoshi kuendesha meli zote, akaichoma moja, São Rafael, kwenye miamba ya huko huko. Yeye alikuwa na vyombo vingi na watu wachache. Nyie watu wengi na chombo kimoja, na hicho kimoja mkakipotezea pale pale.

Mzee_wa_Pongwe

Nimesoma tangu juu, wanangu. Mnaita mashindano. Sisi ndivyo tulivyokwenda shule.

Mwaka 1971 mie na kaka yangu tulikuwa tunatoka Pongwe kuja mjini na Raleigh ya baba. Kupakizana hatuwezi, keria ina debe la maziwa la kupeleka kwa wateja Chumbageni. Basi mmoja anatangulia mpaka mkorosho fulani, anaiacha, anakwenda kwa miguu. Mwenzake anaichukua. Hatukuwa na saa ya mkononi. Alama zetu zilikuwa mkorosho, kalvati, duka la Mhindi, na mstari wa mwisho wa mkonge. Kaka alikuwa mwizi wa njia. Kila siku alikuwa anaupita mkorosho kidogo, hatua mia, hatua mia mbili, ati "nilikuwa nateremka, breki hazikushika". Nilimshtaki kwa baba. Baba akasema nani kati yenu anafika na maziwa hayajamwagika? Tukanyamaza wote, maana yaliyomwagika tulikuwa tumeyanywa.

Na baiskeli hatukuiacha hivi hivi. Ukiacha chombo mahali, unaacha na neno. Unamwambia mama wa kwenye mkorosho, "Shikamoo mama, anakuja ndugu yangu, shati la kaki, ana kovu usoni." Asubuhi nzima kuanzia Pongwe mpaka mjini tulikuwa na mama wanne wanaotujua. Yule mzee wa Tongoni hakuiba wala hakukosea. Hamkumsalimu.

Wa_Mwahako (mwenye uzi)

Shikamoo mzee. Umenipiga pale pale. Tangu Mwahako mpaka Tongoni sikumsalimu mtu hata mmoja, nilikuwa naokoa pumzi.

Baada ya pale tulibadilika, ila si kwa akili, ni kwa woga. Kila nilipoiacha nilitafuta mtu kwanza: muuza mihogo, watoto wa madrasa, fundi wa nyavu pale Kigombe. "Anakuja kijana wa fulana ya njano." Shemeji anasema kuanzia Kigombe alikuwa anaitwa kwa mbali: "Njano! Njano! Baiskeli yako hii!" Na kuna mama alishaigeuza kabisa imeelekea Pangani, kazi yake ni kurukia tu.

Mzee wa mwembe nilimrudia wiki iliyofuata na kilo mbili za sukari. Akanipokea vizuri, akauliza hali ya mkwe.

Mzee_wa_Pongwe

Marahaba. Na kaka yangu angekuwepo angekwambia ongeza hatua mia, hakuna anayehesabu.

BintiSahare

Mwenye uzi, mazoezi lini? Dada yangu mwaka huu ni mjamzito, sina mwenza.

Wa_Mwahako (mwenye uzi)

Jumamosi hii, Mwahako, saa 12 asubuhi kamili. Tutakwenda mpaka Tongoni na kurudi, dakika sita sita kama ulivyosema. Fundi aje na ile boliti ya siti. Nesi na ORS zake. Tairi_Nyembamba aje tumwone anavyopakiza.

Tairi_Nyembamba

Nipo. Keria nimeshaing'oa.

Mzee_wa_Pongwe

Na mie nije? Kukimbia siwezi tena, lakini kutembea kwa haraka natembea, na baiskeli bado naipanda.

BintiSahare

Shikamoo babu. Njoo uwe mwenzangu. Siti nitakushushia mwenyewe, ila mkorosho usiupite.